Risiva ya stereo kwa mzee: soma mgongo wa mashine kabla ya wati

Ukiingia Kariakoo kutafuta redio ya sebuleni, kitu cha kwanza utakachotajiwa ni wati. "Mzee wangu, hii ina wati elfu kumi na mbili, ukiiwasha mtaa mzima unajua." Kijana hajatunga, namba iko kwenye boksi kweli. Ila imeandikwa kwa kipimo cha PMPO, ambacho hakina kanuni, kila kiwanda kinajumlisha kinavyopenda. Geuza mashine usome kibandiko cha nyuma. Kama kinasema inakula wati 60 za umeme, haiwezi kutoa hata wati 60 za sauti mfululizo, kwa sababu nguvu yote ya spika inatoka kwenye soketi.

Haya yanawahusu wazee wanaotaka kusikiliza taarifa ya habari, taarabu na zilipendwa bila kugombana na mashine, na watoto wao wanaotaka kuwanunulia. Msimamo wangu ni kwamba risiva ya mzee huchaguliwa kwa vitufe vyake na kibandiko chake cha nyuma. Wati huja mwisho.

Na ninaposema risiva nina maana ya boksi moja lenye amplifaya ya chaneli mbili na redio ya FM ndani, likiendesha spika mbili za pembeni. Sabufa yenye vispika vidogo vidogo siihesabu. Vile vispika havina ukubwa wa kutoa sauti ya kati, na sauti ya kati ndiyo sauti ya mtu anayeongea. Home theater yenye spika tano au saba nayo hapana. Mipangilio yake imefichwa kwenye menyu inayohitaji televisheni iwake, na mtu wa miaka 70 hapaswi kuwasha televisheni ili aongeze besi.

Wati zinazotosha kweli

Spika nyingi za saizi ya rafu, zikipewa wati 1, hutoa takriban desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 86 hadi 88 ukipima mita 1 mbele yake. Msikilizaji akikaa mita 2, desibeli 6 zinapungua, na spika ya pili inarudisha kama 3. Kwa hiyo kwa wati 1 tu kila upande, kitini zinafika desibeli 83 hadi 85, ambayo tayari ni sauti ya kumlazimisha mtu apaaze yake ili asikike. Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa kiasi ambacho sikio linahimili. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu za ziada, tofauti ambayo sikio linaitambua kwa shida.

Hivyo mashine ya wati 30 hadi 50 kwa chaneli, zilizopimwa kwa RMS (nguvu halisi ya mfululizo) kwenye spika ya omu 8, yaani ukinzani wake kwa umeme, inatosha sebule ya Sinza, Tabata au Mbagala na kubaki. Anayetaka kusikia zaidi bila kulipa, asogeze kiti. Kutoka mita 4 hadi mita 2, sauti inayotoka moja kwa moja kwenye spika inapanda desibeli 6, sawa na kununua amplifaya yenye nguvu mara nne.

Sikio lenyewe

Usikivu unaopungua kwa umri haupungui kwa sauti zote sawasawa. Unaanza na zile nyembamba, za juu. Irabu ziko chini na zina nguvu, mzee anazisikia vizuri. Lakini s, f, sh, ch na th ziko juu, na ndizo zinazotenganisha saa na faa. Ndiyo maana malalamiko yake huwa kwamba watangazaji wa siku hizi wanamung'unya maneno. Huwezi kumsikia akisema hasikii. Anaongeza sauti, besi na irabu zinajaa chumba, dirisha linatetemeka, na ile s bado haijafika.

Kuna na la pili linalowasumbua wengi: sauti ndogo haisikiki kabisa, ukiiongeza kidogo inageuka kero. Nafasi iliyopo kati ya "sisikii" na "mnaniumiza" imebana. Kwa hiyo sauti inatakiwa ipande taratibu. Dukani, zungusha kitufe cha sauti polepole kuanzia sifuri. Kama robo ya kwanza tu ya mzunguko imeshafikisha sauti ya kelele, mkono unaotetemeka hautaweza kupata kipimo chake.

Mahitaji ya sikio hili ni haya. Besi na trebo ziwe na vitufe vyake vya kuzungusha, mbele ya mashine. Kwa taarifa ya habari panda trebo alama mbili tatu na ushushe besi alama moja mbili. Kwa muziki rudisha besi katikati. Pili, kitufe cha BALANCE, kinachogawa sauti kati ya kushoto na kulia, kwa sababu masikio mawili ya mtu mmoja mara nyingi hayazeeki kwa pamoja. Kikisogezwa kidogo kuelekea upande wa sikio dhaifu, mwimbaji anarudi katikati. Tatu, hali ya mono, yaani spika zote mbili zipige sauti ileile. Mwenye sikio moja zima asipopata mono, anakosa kila kinachopigwa upande wa pili: kwenye rekodi fulani magitaa yote yamelazwa kushoto na tarumbeta kulia. Risiva nyingi za sasa zina mono kwenye FM tu, hazina kwa kaseti wala CD. Kwa mtu wa namna hii ninashauri mashine ya zamani yenye swichi ya mono, au kuzisogeza spika zote mbili upande wa sikio zima, zikae karibu karibu.

Hedifoni nazo zinasaidia sana, hasa usiku. Risiva za sebuleni hutumia tundu kubwa la milimita 6.3, hedifoni nyingi za dukani zina pini ya 3.5, kwa hiyo nunua kiunganishi chake palepale. Jihadhari na dhana moja: Bluetooth ya risiva nyingi za bei nafuu hupokea tu kutoka kwenye simu. Hairushi sauti kwenda kwenye hedifoni za Bluetooth wala kwenye vifaa vya kusaidia kusikia. Watoto wengi hununua wakidhani inakwenda pande zote.

Kabla ya pesa kutoka mfukoni, sikio likaguliwe. Nta iliyoziba huondolewa kwa dakika chache na huwa chanzo cha "redio mbovu" mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri. Muhimbili wana idara ya masikio, pua na koo. Na sikio likizima ghafla, ndani ya siku moja au mbili, upande mmoja, aende hospitali siku hiyohiyo. Matibabu yake yana muda, na yakicheleweshwa usikivu unaweza usirudi.

Vitufe, tena vitufe

Kitufe cha sauti kiwe kikubwa kuliko vingine vyote na kiwe mbali navyo. Kitufe cha kuchagua chanzo kiwe cha kuzungusha, au kila chanzo kiwe na kitufe chake chenye jina. Epuka mashine ambazo kitufe kimoja hufanya kazi tatu kutegemea umekibonyeza kwa muda gani. Soma maandishi ya kioo ukiwa umesimama mita 2 bila miwani ya kusomea. Usipoyaona, mzee hatayaona. Mashine nyeusi yenye herufi za kijivu ni nzuri kwenye picha tu. Ukiipenda kwa sababu nyingine, tone la rangi ya kucha juu ya alama ya kawaida ya sauti, na jingine kwenye kitufe cha FM, linamaliza ubishi.

Kuna vitufe vinne vinavyowapeleka wazee kwa fundi bila sababu, na nimeviweka pamoja hapa kwa makusudi. SPEAKERS A na B: kidole kikigusa A, spika zinazima ingawa taa zote zinawaka. TAPE MONITOR, kwenye mashine za zamani: ikibonyezwa, mashine inasikiliza deki ya kaseti tu, na kama hakuna deki, kimya. DIRECT au PURE DIRECT: inaruka besi, trebo na mara nyingi BALANCE, kwa hiyo mtu anazungusha trebo na hakibadiliki kitu. Na MUTE ya kwenye rimoti. Mashine "ikifa", anzia hapo. Kwenye rimoti, funika kwa selotepu vitufe vyote isipokuwa kuwasha, sauti, na vile viwili au vitatu vya vyanzo anavyotumia.

La tano si kitufe. Risiva nyingi mpya hujizima zenyewe baada ya muda zisipoguswa au zisipopata sauti, ili kuokoa umeme. Mzee anasinzia na redio, inazima, anaamka akidhani imeungua. Kipengele hiki huitwa AUTO STANDBY au jina linalofanana, na kinaweza kuzimwa. Kizime siku ya kwanza.

Mgongo wa mashine

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea, hasa kwa mitumba.

Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Risiva iliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani imeandikwa 100V. Ya Marekani imeandikwa 120V. Ukiichomeka moja kwa moja, kama una bahati fyuzi inakatika, kama huna bahati, transfoma ya ndani inaungua na nyumba inanuka. Kibandiko kiseme 220-240V au 230V. Baadhi ya mashine zilizotengenezwa kwa Asia na masoko mchanganyiko zina swichi ndogo nyuma iliyoandikwa VOLTAGE SELECTOR. Igeuze kwa bisibisi iwe kwenye 220-240 kabla ya waya kugusa soketi.

Muuzaji atakuambia, "Hiyo tunaweka transfoma ya kushusha, mama, haina shida." Shida ipo. Transfoma nyingi zinashusha hadi 110, na mashine ya Japani inataka 100. TANESCO wakipanda kidogo, inakula zaidi ya 115 kila siku, inachemka, na kapasita zake, vile vipande vinavyotunza umeme ndani, zinazeeka haraka. Ukilazimika, tafuta ya 100V halisi, na ukubwa wake uwe mara mbili ya matumizi yaliyoandikwa nyuma ya risiva. Inayokula wati 150 ipewe transfoma ya VA 300.

Hata ukitatua volti, redio ya Japani ina kasoro ambayo transfoma haiiponyi. FM ya kwao inaanzia megahezi 76, na mashine za zamani zinaishia 90, za karibuni 95. Yetu inakwenda 87.5 hadi 108. Stesheni zote za juu ya hapo hazitaingia kamwe. Nunua mashine ya Japani ukitaka amplifaya, ila usiinunue kwa ajili ya redio.

Ya Marekani inafika 108, ila nyingi za kidijitali zinaruka kwa hatua za 0.2 na kutua kwenye namba witiri tu: 88.1, 88.3, 88.5. Stesheni iliyo kwenye 88.4 inasikika kwa mikwaruzo. Isitoshe, kichujio chake kinapunguza sauti za juu kwa hadi desibeli 3 kulinganisha na kinachotakiwa huku, na hizo ndizo sauti ambazo mzee tayari hana za kupoteza. Chagua ya Ulaya, au ile yenye swichi ya kubadili hatua za FM.

Mpya tatu za kuulizia

Yamaha R-S202 ndiyo ninayoiweka mbele kwa mtu asiye na sahani za santuri. Ina FM, Bluetooth, nafasi 40 za kuhifadhi stesheni, na marekebisho ya besi, trebo na BALANCE. Haina tundu la santuri wala la kidijitali. Sony STR-DH190 ina tundu la santuri, Bluetooth na tundu dogo la waya wa simu mbele, lakini nayo haina njia ya kidijitali ya televisheni. Onkyo TX-8220 ina tundu la santuri na pia njia ya optiki, ile ya kidijitali ya waya wa mwanga, kwa hiyo inamfaa anayetaka sauti ya televisheni ipitie humo. Zote tatu zimetengenezwa kwa matoleo ya nchi tofauti. Jina la mbele ni lilelile, kibandiko cha nyuma ndicho kinachobadilika, kwa hiyo usikubali boksi lililofungwa. Chukua risiti ya EFD, na namba ya mashine iandikwe juu yake. Dhamana bila namba haina wa kuisimamia.

Kuna na vi-amplifaya vidogo vya kisasa vya ukubwa wa kitabu, vya bei ndogo na sauti safi. Havina FM, vitufe vyake ni vidogo, na adapta yake ikifa dawa yake haipo mtaani. Kwa kijana ni sawa.

Katika bajeti, nusu ya pesa iende kwenye spika, theluthi kwenye risiva, kinachobaki kwenye waya na kinga ya umeme. Watu hufanya kinyume.

Ukiamua mtumba

Nenda na simu yenye muziki unaoujua, waya wa 3.5 kwenda jeki nyekundu na nyeupe, hedifoni, na mita ya kupimia umeme kama unayo. Sauti iwe sifuri kabla ya kuwasha. Mashine nzuri ikiwashwa inakaa kimya sekunde 3 hadi 5, kisha unasikia "ta" ndani: hiyo ni rilei, swichi ya ndani inayojiendesha, ikiruhusu spika. Ikikawia sana, au ikitoa mlio huo na kurudi, kinga yake imeona hitilafu. Usiendelee kujadili bei.

Zungusha kitufe cha sauti mwanzo hadi mwisho polepole. Mikwaruzo kidogo ni vumbi, dawa ya kusafishia inatibu. Upande mmoja ukipotea na kurudi, zungusha BALANCE na ubonyeze SPEAKERS mara kadhaa. Ukirudi ukiongeza sauti na kupotea ukipunguza, rilei imechoka, na hiyo ni kazi ya fundi. Chomeka simu kwenye CD, kisha TAPE, kisha AUX, moja moja. Sikiliza mlio wa "mmm" wakati hakuna muziki, kwa hedifoni. Ukiwepo hata sauti ikiwa sifuri, kapasita kubwa za umeme zimechoka. Ondoa spika, weka mita kwenye volti za DC, pima matundu ya spika: chini ya milivolti 50 ni salama. Ukiona volti nzima au zaidi, itachoma spika zako.

Kisha iache iimbe nusu saa. Wauzaji hawapendi hili. Simama hapo hapo. Hitilafu nyingi za joto hazionekani dakika tano za kwanza.

Spika za mtumba zina ugonjwa wake: ile duara laini inayoshika koni. Ya sponji huoza, na unyevu wa Dar unaiharakisha. Iguse kwa kidole taratibu. Ikibaki unga kidoleni, iache. Ya mpira au ya kitambaa hudumu. Bonyeza koni kwa vidole viwili sawasawa. Ikikwaruza ndani, koili imeungua au imepinda.

Waya na kufunga

Waya wa milimita mraba 1.5 unatosha spika iliyo mita 5, ukinzani wake kwenda na kurudi ni kama omu 0.12, ambao mbele ya omu 8 si kitu. Wa 2.5 hauongezi chochote kinachosikika kwa umbali huo. Cha kuangalia ni shaba yenyewe. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukitoa weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, na inakatika haraka kwenye kona.

Risiva ikiwa imechomolewa kabisa, menya sentimita 1 ya waya, sokota nyuzi zishikane, ingiza nyekundu kwenye nyekundu na nyeusi kwenye nyeusi, pande zote mbili. Uzi mmoja ulioruka na kugusa wa jirani unatosha kuua amplifaya. Ukigeuza rangi kwenye spika moja tu, hakuna kitakachoungua, ila besi inapotea na mwimbaji hajulikani alipo. Kupima, weka stesheni ya mazungumzo kwenye mono: sauti ya mtangazaji inatakiwa isimame katikati kabisa. Ikitawanyika, geuza nyaya za spika moja.

Ukitaka spika za pili chumbani kwa kutumia SPEAKERS B, soma namba ya omu nyuma. Jozi mbili za omu 8 zikiwaka pamoja, mashine inaona omu 4, na risiva nyingi za bei nafuu hazikubali. Itachemka na kujikata katikati ya wimbo.

Spika ziachane kama mita 2, kiti kiwe umbali huohuo au zaidi kidogo, na ile spika ndogo ya juu iwe usawa wa sikio la aliyekaa, karibu sentimita 90 hadi 100 kutoka chini. Sebule zetu za vigae, gipsamu na kuta tupu zinarudisha mwangwi unaomeza maneno. Zulia au mkeka mpana mbele ya spika na pazia zito huongeza uwazi wa maneno kuliko kubadili mashine.

Televisheni, king'amuzi, simu

Njia rahisi ni kutoka kwenye king'amuzi, si kwenye televisheni. Ving'amuzi vingi vina jeki nyekundu na nyeupe nyuma. Waya mmoja hadi kwenye LINE ya risiva na kazi imekwisha. Vile vyenye tundu moja dogo la AV vinataka waya wake maalumu, maana mpangilio wa ncha hutofautiana bila kuonekana kwa macho. Ukitumia wa king'amuzi kingine, sauti inaweza kutokea kwenye jeki ya njano. Sauti ya king'amuzi iweke juu, kama asilimia 80, halafu mzee atumie kitufe cha risiva peke yake.

Televisheni mpya ina optiki tu, na risiva haina? Unanunua kibadilishi kidogo cha optiki kwenda jeki, kinachotumia volti 5 za USB. Ukikifunga na kusikia kimya au mlio wa kukwaruza, kosa liko kwenye televisheni: inatoa sauti kwa Dolby, mfumo ambao kibadilishi hakiusomi. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, badili iwe PCM. Bluetooth kwa televisheni achana nayo, midomo itatangulia maneno.

Santuri ichomekwe PHONO pekee, na waya wake mwembamba wa ardhi ufungwe kwenye skrubu ya GND, la sivyo itavuma. Ikichomekwa CD inanong'ona. Na deki ya kaseti au CD ikichomekwa PHONO inapasuka sauti.

Kwa simu, kuna kero ya wajukuu: simu iliyowahi kuungwa inajiunga yenyewe ikiingia sebuleni, na taarifa ya habari inakatwa na singeli. Kila simu ya mgeni ikimaliza, jina la risiva lifutwe kwenye orodha ya Bluetooth ya simu hiyo.

Antena

Waya mmoja unaokuja kwenye boksi unafaa ghorofani karibu na dirisha. Nyumba yenye bati juu na nondo madirishani inataka zaidi. Chukua waya wa antena wa omu 75, menya mwisho wake, unga mkono mmoja wa sentimita 75 kwenye kiini cha katikati na mwingine wa sentimita 75 kwenye ile nyavu ya nje, inyooshe kama herufi T, ibandike ukutani juu kadiri unavyoweza. Mikono ielekee pembeni kwa mnara, isiuelekee. Stesheni ikibaki na mvumo, weka mono: stereo ya FM ina mvumo zaidi kwa takriban desibeli 20, na kwa taarifa ya habari haikupi chochote. Chaja za simu za bei chee na baadhi ya balbu za LED hukoroga redio. Zichomoe moja moja ujue ni ipi.

Hifadhi stesheni tano, si arobaini. Ziandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi, namba kwa jina, ibandike pembeni ya mashine.

Umeme, joto na wadudu

Plagi ya pini mbili za mviringo usiitie kiberiti ili iingie. Kata, funga plagi ya pini tatu: kahawia kwenye L, upande wa fyuzi, bluu kwenye N. Fyuzi ya ampea 13 inayokuja nayo itoe, weka ya ampea 3. Mashine yenye alama ya miraba miwili, mmoja ndani ya mwingine, haihitaji waya wa ardhi.

Kinga ya friji ile yenye kuchelewesha inafaa pia kwa risiva, kwa sababu umeme unaorudi baada ya kukatika ndio unaopiga. Ukitumia inveta, iwe ya wimbi safi. Zile za bei ndogo zinaingiza mvumo kwenye spika. Radi zikianza, chomoa plagi na antena vyote viwili.

Kitambaa cha kudarizi juu ya risiva kitolewe, hata kama bibi amekishona mwenyewe. Matundu ya juu ndiyo mapafu ya mashine. Acha sentimita 10 wazi juu yake na 5 kila upande. Boksi lenye joto linapendwa na mende na mijusi, na uchafu wao hula njia za shaba za bodi. Usitundike neti juu ya matundu kuwazuia, itaziba hewa. Weka mashine kwenye stendi ya miguu badala ya kabati lililofungwa, na jikoni iwe mbali. Walio karibu na bahari, Msasani au Kigamboni, wachomoe jeki zote mara moja kwa miezi mitatu, wazifute kwa spiriti, wazirudishe kwa kuzungusha kidogo. Ncha za waya wa spika zilizogeuka kijani zikatwe na kumenywa upya.

Kuhusu LUKU, wasiwasi ni mdogo. Kwa sauti ya kawaida risiva ya aina hii hula kama wati 40. Saa 5 kwa siku ni uniti 0.2, sita kwa mwezi. Friji inamaliza hizo kwa siku chache.